Helikopta Sita Saa Nne Asubuhi

Kwenye karatasi, jeshi letu la wanamaji lilikuwa na helikopta kumi na moja. Kwenye karatasi hata mimi nina kilo sitini. Zilizoweza kuruka zilikuwa tatu, na moja kati ya hizo tatu iliruka kwa kubembelezwa. Nane zilizobaki zilikaa karakanani zimeinamisha mapanga yao, zikipanguswa vumbi kila Jumatatu ili mgeni akichungulia mlangoni adhani ameona kikosi.

Mimi ndiye fundi mkuu wa karakana hiyo. Vijana huniita Mama Spana, nami nimeacha kukasirika kwa sababu jina limenikaa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili kazini siku kamanda wa kikosi aliponiita ofisini, akafunga mlango, akanipa barua ya makao makuu niisome mwenyewe. Kamati ya ukaguzi ilikuwa inakuja baada ya siku kumi na mbili. Ikikuta helikopta sita zinaruka kwa pamoja saa nne asubuhi, kikosi cha anga cha wanamaji kitabaki na kitaongezewa mashine nne mpya. Ikikuta pungufu, hata kama ni tano, kikosi kitafungwa, mashine zitauzwa kama chuma chakavu, na watu watakaozama baharini watasubiri boti. Boti zetu huchukua saa tatu kufika mahali ambapo sisi tunafika kwa dakika ishirini.

Kamanda aliongeza kwamba mafundi watapangiwa kazi nyingine, na kwamba mimi nimeshapangiwa stoo ya sare. Kuhesabu soksi mpaka nistaafu! Heri wangenizika na ovaroli yangu.

Ili mnielewe, lazima niwaeleze desturi yetu. Kila helikopta ina fundi wake, na fundi huyo tunamwita mzazi. Mzazi akikosa spea haendi kwa mwenzake kuomba hivi hivi. Anaposa. Anatuma mshenga na kikombe cha chai, mshenga anaketi, anaisifia helikopta ya watu, anakohoa kidogo, kisha anasema nia. Mwenye mali akikubali, anakunywa chai. Akikataa, anasema mwanangu bado anasoma, na chai inarudi ilikotoka. Ilianza kama utani kabla mimi sijaajiriwa, na ilikuwa raha tupu enzi ambazo ghala lilijaa. Spea zilipoacha kuja, kila mtoto akawa anasoma. Karakana nzima ikageuka chuo kikuu.

Siku ile ile niliwakusanya mafundi wenzangu kumi, nikawaambia yaliyomo kwenye barua, nikauliza nani ana nini. Wakanitazama kwa nyuso za wafiwa. Babu Grisi, aliye mkubwa wetu kwa umri, aliapa kwamba kabatini mwake mna kitambaa na miwani tu. Wengine wakaapa baada yake, mmoja mmoja, kama watu wanaoitikia dua. Niliwasema kwa maneno ambayo sitayarudia hapa, nikaenda nyumbani nimevimba.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, kazi yake milango na madirisha ya chuma. Ukitaka akusikilize vizuri, zungumza naye akiwa anakula, kwa sababu wakati huo mdomo una shughuli. Nikamweleza yote: kikosi kinakufa, nami nina mafundi kumi wachoyo wanaofungia spea makabatini kama urithi. Akala mpaka akashiba. Akanawa mikono bila haraka.

"Na ile droo ya chini ya kabati lako," akaniuliza kwa upole, "ile niliyokuchomea mwaka juzi ukataka kufuli lisionekane kwa nje. Huwa unaweka nini mle?"

Nikaanza kukusanya vyombo.

"Nyani haoni kundule, mke wangu," akasema, akaenda kusikiliza taarifa ya habari.

Nilimkasirikia kwa muda wa saa nzima. Hasira ilipoisha ikabaki aibu, na aibu ndiyo iliyonizuia kulala vizuri. Ndani ya droo ile mlikuwa na giaboksi ya mkia, mpya, bado imo kwenye nailoni yake na kadi yake ya ukaguzi. Mlikuwa na stata moja na pampu mbili za mafuta. Vyote nilikuwa nimeviwekea Namba Saba, helikopta yangu. Saba ilikuwa na ufa kwenye ubavu tangu miaka minne iliyopita, na kiwandani walishaacha kutengeneza mbavu za aina ile. Nilijua haitaruka tena. Hata hivyo niliitunza nzima, mapanga yake mahali pake, giaboksi yake kuu mahali pake, nikiipaka na kuisugua. Kila mshenga aliyekuja nilimrudisha na chai yake.

Asubuhi nilitandika turubai katikati ya sakafu, nikawaita wote, nikafungua droo mbele yao. Nikatoa kimoja kimoja na kukipanga.

"Mficha uchi hazai," nikawaambia. "Mimi nimeficha miaka miwili, na mnaona wenyewe nilichozaa. Sasa nimevua. Anayetaka kunicheka anicheke, lakini akimaliza aje na yeye."

Hakuna aliyecheka. Babu Grisi akakohoa, akaenda kwenye kabati lake. Kitambaa na miwani vilikuwemo kweli, mzee hakusema uongo, ila chini ya kitambaa kulikuwa na redio mbili na pampu ya haidroli. Mwingine akapanda ngazi akatoa vitu vyake juu ya dari. Mwingine alitoka nje kabisa, akarudi na boksi lililokuwa kwenye buti ya gari lake, akaliweka chini bila kumtazama mtu usoni. Mchana turubai lilijaa hadi pembeni. Kamanda aliingia, akavua kofia, akauliza ni tangu lini tumekuwa matajiri namna hii.

Niliweka sharti moja: kila spea ipite mezani, ipimwe, na kadi yake isomwe kwa sauti. Isiyo na kadi ikae pembeni hata ikiwa inang'aa, maana rubani hana pa kuegesha mawinguni. Theluthi nzima tuliikataa. Iliyobaki tuliifanyia kazi siku nane mfululizo, tukila tumesimama, na watu waliokuwa hawasalimiani wakashikiana tochi. Siku ya nane jioni helikopta tano zilikuwa zinanguruma. Ya sita, Namba Mbili ya Babu Grisi, ilikosa mapanga na giaboksi kuu.

Kwenye turubai havikuwepo. Karakana nzima ilijua vilipo, na karakana nzima ikawa inatazama pengine.

Kesho yake nikamwona Babu Grisi anakuja na kikombe cha chai. Hakutuma mshenga, alikuja mwenyewe. Akaketi juu ya sanduku la vifaa, akaisifia Saba: rangi yake, adabu yake, jinsi isivyodondosha hata tone la mafuta sakafuni. Akakohoa.

"Mama, tumesikia hapa kuna binti."

Nilitaka kusema neno la kawaida. Lilikuwa mdomoni tayari, limezoea njia.

"Amemaliza masomo," nikasema, nikachukua kikombe nikanywa chai yote. Nililia na sikujificha.

Boliti ya kwanza niliilegeza mwenyewe. Mapanga na giaboksi vikapita mezani, kadi zake zikasomwa, vikaenda kwa Mbili. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua, niliwaambia wote waje wachukue wanachohitaji. Mmoja alichukua geji, mwingine kiti cha rubani, mwingine mota ya winchi ya kuokolea watu, mwingine nyaya, mwingine magurudumu. Jioni ilibaki mifupa.

Kamati ilifika ikiwa na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwembamba, rubani mstaafu, na wenzake wawili walikuwa na macho ya watu walioandika ripoti kabla ya safari. Saa nne kasorobo tukawasha. Ya kwanza ikaitika, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Namba Mbili ikakohoa mara mbili, ikazima.

Sikukimbia. Babu Grisi aliweka kiganja kwenye mlango wake, akampa rubani ishara ajaribu tena. Mapanga yakazunguka taratibu, mapanga yangu yale, kisha yakashika kasi mpaka yakapotea machoni. Saa nne kamili zikainuka zote.

Nimefanya kazi pale miaka ishirini na miwili, na sikuwahi kuona sita angani kwa pamoja. Zilipita juu ya gati zikitimua maji, zikageuka kwa pamoja, zikarudi chini chini juu ya paa letu hadi mabati yakalia. Nilipiga vigelegele nikiwa kwenye sare, ambalo ni kosa la nidhamu, na kamanda akanisaidia kosa hilo kwa kurusha kofia yake juu. Mafundi walikumbatiana. Watu wazima, wenye wajukuu, walirukaruka kwenye lami.

Mwenyekiti alizihesabu kwa kidole, akarudia. Akaandika.

"Sita," akasema. "Kikosi kinabaki. Na zile nne mpya mtazipata."

Kisha akaomba kuingia karakanani. Akatembea hadi kwenye mifupa ya Saba, akaitazama kwa muda mrefu, akapitisha vidole kwenye ule ufa. Tulipotoka nje, helikopta zilikuwa bado zinazunguka juu ya maji, akanikaribia na kusema amesikia kila fundi hapa ana yake; je, ya kwangu ni ipi pale juu?

Nikainua kidole, nikamwonyesha moja baada ya nyingine, mpaka ya sita.

"Zote, afande."