Mstari wa Bikari Ukutani

Mimi ni mtu wa kukumbuka. Nakumbuka mwaka ambao mzee mwenye karakana alitunyima glovu za kuchomelea, akasema mikono ya mafundi ina ngozi nene. Nakumbuka nani alisimama nami siku hiyo na nani alikwenda kujificha chooni. Nakumbuka kila barua tuliyoandika ikakosa jibu. Watu hunicheka, huniita Kipaza, husema ukimkosea Kipaza hata miaka kumi ipite, atakuja kukusomea kosa lako na saa uliyolitenda. Wacheke. Mnyonge akisahau, nani atamkumbukia?

Ila lipo jambo moja ambalo ningependa kulisahau, na halikutendwa na tajiri yeyote. Nililitenda mimi.

Karakana yetu hutengeneza mageti, madirisha na ngazi za vyuma. Chini kuna moto, misumeno na kelele. Juu kuna chumba cha wachoraji, meza tatu mbele ya dirisha. Meza ya kwanza ilikuwa ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu mnene asiye na haraka. Walimbandika jina la Bikari kwa kuwa alikuwa akichora duara kwa mkono mtupu, ukilipima kwa bikari huoni kasoro. Meza ya pili yangu. Shule niliiacha mapema. Kuchora nilijifunza kwa kumchungulia yeye, na sheria za kazi nilijifunza katika kitabu kilichong'oka jalada, ndiyo maana nikawa katibu wa kamati ya wafanyakazi. Meza ya tatu ya binti aliyetoka chuoni, tunamwita Msomi.

Mzee alipofariki, karakana ilishikwa na binti yake. Siku moja alipanda juu, akatazama marundo yetu ya karatasi, akasema, "Nitawanunulia tableti, zile ambazo ukizibandika kibodi zinakuwa kompyuta, na zina kalamu ya kuchorea. Nendeni dukani mchague wenyewe, aina moja kwa wote."

"Wenyewe?" nikauliza. Katika ukoo ule sijazoea kusikia neno hilo.

"Si ninyi mtakaozitumia?"

Tukaenda. Tulikuta aina tatu juu ya meza ndefu, kila moja imefungwa kwa waya kama mbuzi mwizi. Mimi macho yangu yaliangukia ile yenye skrini pana na kibodi ya vitufe vinavyobonyea kweli, maana barua za kamati haziandikwi kwa kupapasa kioo. Msomi aliinamisha kila skrini huku na huku aone kama mwanga wa mlangoni unaifuta. Akatuonya tusikimbilie ukubwa. Tuulize kwanza kama kalamu inakuja na mashine au inauzwa peke yake. Tuulize kama kioo kinatambua kiganja kilichokilalia, la sivyo kila ukiegemea mkono utajikuta umechora usichokusudia.

Bikari hakuuliza kitu. Alishika kalamu ya ile iliyokuwa ndogo kuliko zote, akatupa mgongo, akachora.

"Hiyo, mzee wangu, programu yake inanyoosha mstari," muuzaji akamwambia. "Ona hapa. Unapandisha na kushusha kama sauti ya redio. Ukipandisha, mkono uyumbe usiyumbe, mstari unatulia."

Bikari akapandisha, akachora tena. Alikaa akiitazama ile kazi kitambo kirefu. Kisha akasema, "Tuchukue hii."

"Hii?" nikaruka. "Skrini kama kioo cha kunyolea ndevu! Na tumbo hilo, shemeji, utaifikia kweli?"

"Tumbo halichori."

"Na kibodi yake laini kama kitambaa. Barua nitaandikaje?"

"Andika fupi. Watu watakushukuru."

Msomi alicheka mpaka akashika meza. Lakini Bikari hakucheka. Alinisogelea, akashusha sauti. "Safari hii niachie, shemeji. Sijawahi kukuomba kitu."

Nikamwachia. Nilidhani ni ukaidi wa umri. Nilikuwa hatua mbili kutoka mkono wake, nami nilishughulika na vitufe.

Miezi mitatu ilikwenda vizuri kuliko nilivyotaka kukiri. Kalamu ile ukiikandamiza, mstari unanenepa, ukiilegeza, unakonda. Mteja akisema jani la pambo la geti limekuwa kubwa, unalipunguza akiwa bado anaongea. Bikari alichora kama zamani za ujana wake, akawa anapiga mluzi. Miaka ya karibuni alikuwa ameuacha, na hata hilo sikujiuliza kwa nini.

Halafu bosi akaleta wageni wawili, watu wa ujenzi waliotaka mageti ya nyumba nyingi. Nilikuwa kwenye ngazi nikamsikia akiwaambia, "Siku hizi hatutegemei mkono wa mtu. Mashine inanyoosha yenyewe."

Damu ilinichemka. Nilimsikia baba yake mle mle ndani ya sauti ya binti. Leo mashine inanyoosha, kesho mchoraji wa nini? Mwokote yeyote barabarani, mpe kalamu! Nilipanda juu, nikaikunjua ile kibodi ya kitambaa, nikaandika barua bila kupumua. Sentensi moja niliipenda mno, nikaisoma kwa sauti peke yangu: "Kipimo cha mchoraji ni mkono wake bila msaada wa mashine, na kamati inadai hilo litambuliwe." Nikaongeza kwamba tutalithibitisha hadharani, wageni wakirudi, mbele ya karakana nzima.

Sikumwonyesha mtu barua ile. Hili nalisema wazi kwa sababu nimewahi kumnyanyasa bosi mkutano mzima kwa kuamua mambo yetu bila kutuuliza.

Bosi akajibu siku hiyo hiyo: njooni mtuonyeshe.

Siku ilipofika, mchana wa mapumziko, televisheni kubwa ya mapokezi ilitundikwa ukutani kule chini, na waya wa kuipeleka picha kutoka kwenye tableti. Wachomeleaji walikaa juu ya mabomba, kofia zao za kinga zimepandishwa vichwani. Wageni walipewa viti. Nilisema. Nilisema sana, siku hiyo ulimi wangu ulikuwa umepakwa mafuta. Nilipoona wameiva, nikaita, "Bikari!"

Alishuka taratibu, tableti yake kwapani. Nikaichukua, nikaishusha ile sauti ya redio inayonyoosha mstari mpaka mwisho, nikawaonyesha watu. "Mnaona? Sifuri! Sasa hapa ni mtu na mkono wake."

"Siyo leo, shemeji," akaninong'oneza.

"Leo ndiyo leo."

"Mwite Msomi."

"Msomi kaja juzi. Mkono ni wako." Nikawageukia watu. "Jamani, mnamwona? Fundi wa kweli ana haya kama bibi harusi!"

Wakacheka, wakapiga makofi, wakaita jina lake. Alinitazama. Kisha akakaa juu ya kreti, akaiweka mashine mapajani, akaanza mkunjo wa kwanza wa geti, ule ambao amewahi kuuchora labda mara elfu.

Mstari ulitoka ukitetemeka. Haukuyumba kama mstari wa mtu mwenye haraka. Ulitetemeka, meno madogo madogo yaliyolingana kama ya msumeno, tangu mwanzo wa mkunjo mpaka ulipojizungusha. Na pale ukutani ulikuwa mkubwa kuliko mtu.

Unajua nilichofanya? Niliutikisa waya. Nilidhani waya ni mbovu. Niliutikisa mara ya pili, mbele ya watu hamsini, na mstari ukabaki vile vile.

Bikari hakuacha. Aliumaliza mkunjo, akachora jani, na jani nalo likatetemeka kama liko kwenye upepo. Mchomeleaji mmoja akaropoka, "Ala! Bikari kaingia kutu!" Kicheko kilianza, kikajifia chenyewe. Wageni wakaanza kutazama viatu vyao. Kalamu ile hushikwa na sumaku ubavuni mwa mashine. Alijaribu kuirudisha mara tatu ndipo ikanasa. Akasimama, akapanda ngazi, mkono mmoja ukutani.

Wahenga walisema ukivuliwa nguo, chutama. Hawakusema aliyekuvua afanyeje, naye kasimama hadharani na nguo zako mkononi.

Kesho yake bosi alituita sote wawili. Hakufoka. Natamani angefoka, kufoka nakujua. "Mzee wangu," alimwambia Bikari, "utahamia mapokezi. Simu na wateja. Heshima yako iko pale pale."

Nikasimama. Nikasema meza ile ni yake kwa miaka na miaka, nikasema sheria, nikataja mpaka kifungu. Alinisubiri nimalize. Kisha akavuta karatasi, akasoma polepole: "Kipimo cha mchoraji ni mkono wake bila msaada wa mashine." Akaniuliza, "Ni maneno yako, au nimekosea?"

Bikari ndiye aliyesema, "Nitaanza leo," akatoka bila kunigusa hata kwa jicho.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anakunja nguo.

"Umemfanya nini kaka yangu?"

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza. "Habari ya mkono?"

"Mwaka wa pili huu. Kikombe chake tunakijaza nusu."

"Na mkanificha mimi? Mimi mumeo?"

"Aliniapisha. Alisema, 'Huyo akijua, ataitisha mkutano.'"

Akaendelea kukunja. Nilitaka kukasirika, maana hasira ndiyo kazi ninayoiweza. Nikamtafuta wa kumkasirikia: bosi, marehemu baba yake, muuzaji, yule mropokaji. Wote nikawapitia, nikawaacha.

Siku ya mapumziko, asubuhi, nilikwenda kwake. Nilimkuta uani, miguu ndani ya beseni la maji. Hakuniambia kaa. Nikaanza kwa kusimama: "Nitapigana, shemeji. Naandika barua nyingine, nakwenda mpaka—"

"Nyamaza."

Nikachuchumaa kando ya beseni.

"Hospitali nilikwenda. Hakuna wa kumshtaki hapa. Ni mkono tu umechoka." Aliuinua, ukacheza hewani kidogo, akaurudisha pajani. "Kile kimashine kilinirudishia kazi yangu. Miezi mitatu nilikuwa naamka bila hofu. Wewe ukakizima, ukapigiwa makofi."

"Nifanye nini?"

"Usinisemee. Una mengi ya kujisemea wewe."

Jumatatu, mchana, niliomba watu wakusanyike pale pale. Walikuja mbio, walidhani leo Kipaza anamla bosi mzima mzima. Bosi naye alisimama mlangoni, mikono kifuani. Niliisoma barua yangu, yote. Kisha nikairudia ile sentensi moja.

"Sentensi hii ni ya kijinga," nikasema. "Mimi hapa navaa miwani, na hakuna aliyewahi kuniambia nivue ndipo nichore. Ninyi mnachomelea na kofia ya kinga, na hakuna anayewapima kwa macho matupu. Niliiandika bila kumuuliza mtu. Nikamwita mwenzangu, akaniambia siyo leo, kwa mdomo wake, mara moja, mara mbili. Nilimsikia. Nilimsikia nikamfanya bendera. Barua naiondoa. Kosa ni langu, si la mwingine."

Walisubiri. Walizoea kwamba baada ya hapo huja sehemu ya kumshukia tajiri. Haikuja. Yule mropokaji akauliza, "Kipaza, betri imeisha?" lakini alisema kwa sauti ndogo, na hakuna aliyemsaidia kucheka. Watu wakaondoka mmoja mmoja. Nilibaki na karatasi yangu, nikampelekea bosi.

Bosi aliipokea karatasi, akaikunja mara mbili. "Kama barua haipo, basi na sababu haipo," akasema. "Meza iko wazi. Akitaka."

Hakutaka mara moja. Siku nne zaidi alikaa mapokezi, na siku nne nilipita mbele yake asubuhi na jioni, yeye akiandika majina ya wateja kwa herufi kubwa zilizocheza, bila kuzificha kwa mtu. Siku ya tano nilipofika juu nilimkuta. Meza yake alikuwa ameigeuza. Zamani nikiinua macho naona skrini yake na yeye yangu, tukipigana vijembe siku nzima. Sasa skrini yake inatazama ukuta, na mimi naona mgongo. Ile sauti ya redio ameipandisha mpaka juu, wala hamwombi mtu radhi. Msomi anasema mikunjo yake ya geti jipya ni mizuri kuliko ya mwaka jana. Mimi huiona chini, ikishakuwa chuma.

Kuna siku mchoro ulinishinda, ngazi ya kuzunguka. Nikabeba tableti yangu, nikaenda nikasimama nyuma yake, mbali kidogo, nisionekane nachungulia.

"Mkunjo huu unauonaje, shemeji?"

Akageuka nusu, akautazama kwa makini, kama anavyoutazama mchoro wa mtu yeyote.

"Upunguze pale unapokutana na ngazi ya tatu, Katibu," akasema. Kisha akarudi kwenye kazi yake, akangoja niondoke.