Menyu ya Mzee Darsono

Kwa saa tatu Galih, fundi mpya wa kompyuta, alikuwa akiilaani kompyuta kuukuu ya ghala la batiki mjini Solo. Ukibonyeza tatu kwenye menyu, inafunguka namba nne. Ukibonyeza nne, inafunguka tano. Miaka kumi na tisa kosa hilo lipo! Akarekebisha mstari mmoja tu wa programu, akaondoka kifua mbele.

Asubuhi akapigiwa simu na karani mkuu, Mama Wuryani.

"Umetuharibia kazi! Nabonyeza tatu nipate orodha ya vitambaa, naletewa likizo za wafanyakazi!"

"Lakini mama, vitambaa ni namba nne. Si imeandikwa?"

"Nani anasoma? Sisi tunapunguza moja!"

"Na Mzee Darsono aliyeitengeneza programu hii hamkumwambia?"

"Mtu mzima vile nimwambie amekosea? Mimi sina adabu?"

Galih, hasira zimempanda, akampigia Mzee Darsono, aliyekwisha kustaafu. Mzee akacheka.

"Kosa nililiona wiki ya pili, mwanangu. Ila wote walishazoea, nikaona haya kuwasumbua."

Galih akarudi ghalani, akalirudisha kosa mahali pake. Mama Wuryani akabonyeza tatu, vitambaa vikaja.

"Asante. Ila mzee asijue kuwa alikosea, ataumia."

Galih akafungua mdomo amwambie. Akaona haya.