Cherehani Inayokula Umeme

Mume wangu aliiuza cherehani yangu siku niliyokuwa kwa mdogo wangu, nilikokwenda kumpa hongera ya uzazi. Hakuiuza kwa sababu ya njaa, wala ugonjwa, wala karo ya watoto. Aliiuza ili tubane matumizi. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nina hasira za bure.

Yeye ni mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa kuhesabu misumari na kufuli. Siku moja mwajiri wao akawaletea mtaalamu wa kuwafundisha jinsi ya kuweka akiba nyumbani, basi bwana akarudi amechangamka kama aliyeoa upya. Tangu jioni hiyo tukawa hatuli wala hatuogi bila somo. Alinifundisha mimi, mimi mwenyewe, kwamba maharage yakilowekwa usiku kucha yanaiva upesi na gesi inapona. Akanifundisha kwamba sabuni ikibaki kipande hubandikwa kwenye mche mpya.

Maji aliyokuwa akisukumia choo miaka yote alidhani yametoka wapi, kama si kwenye beseni langu la kufulia? Shuka zikichakaa katikati mimi huzipasua, nikaunga pindo kwa pindo, ule upande mzima ukaja kati. Ameshalala juu yake sijui mara ngapi na hana habari. Lakini asiyejua maana haambiwi maana. Nikanyamaza, naye akadhani somo linaingia.

Majirani wakampachika jina la Bwana Akiba, na alivyo, akalipenda. "Akiba haiozi," alikuwa akisema, huku anazima taa ya chumba ambacho mimi nimo.

Kisha akaigundua taa nyekundu ya mita. Kila nikishona, ile taa inakonyeza harakaharaka, maana cherehani yangu ni ya mota. Akawa anasimama mbele ya mita, mikono nyuma, anatikisa kichwa kama aliyefiwa. Akasema umeme wa cherehani unatumaliza. Nikamwambia mota yenyewe ni ndogo, haili hata robo ya umeme wa pasi anayonyooshea mashati yake. Akacheka, akasema nimezidi ubishi.

Sasa ile cherehani ndiyo mkono wangu wa kulia. Nashona sare za wauguzi wa zahanati iliyo mtaa wa pili. Wakati huo kitambaa chao nilikuwa nimeshakikata, kimefungwa kwenye shuka safi juu ya kabati, na muuguzi mkuu alikuwa ameniambia waziwazi kwamba safari hii nikichelewa kazi anampa mtu mwingine. Mteja wa namna ile ukimpoteza umempoteza, na watoto wangu wanavaa viatu kwa ajili yake.

Niliporudi mchana kutoka kwa mdogo wangu nikakuta pale dirishani inapokaa cherehani pako tupu, sakafuni zimebaki alama za miguu ya meza yake. Nikajua tumeibiwa. Nikampigia bwana simu kazini. Akanijibu kwa raha zake, kama mtu anayetoa zawadi, kwamba ameiuza kwa fundi wa kona na pesa ziko salama kwenye akiba. Akaniambia eti nimshukuru.

Sikukaa hata kunywa maji. Fundi wa kona aliponiona alijifanya anatafuta mkasi ulioko mkononi mwake. Cherehani yangu ilikuwa pale nyuma yake, imefunikwa na gazeti. Akaapa kwamba hakumlazimisha mtu, na kwamba yeye alijua nimeacha kushona.

"Nani alikwambia nimeacha?"

"Bwana wako, dada. Alisema kwako ilikuwa ya kupotezea muda tu."

Hapo ndipo nilipomkasirikia bwana kwelikweli. Angesema amekosea hesabu, ningemsamehe. Lakini kumbe miaka yote ile ninaposhona mpaka mgongo unakufa ganzi, yeye ananiona nacheza.

Fundi, nisimsingizie, ana utu. Akasema nikimrudishia pesa yake kabla hajafunga, niichukue, hataki hata senti ya faida. Ila asubuhi kuna mtu anakuja kuichukua, na ameshakubali bei.

Bwana aliporudi kutoka kazini alinikuta namngojea mlangoni. Nikamwambia atoe zile pesa. Akasema akiba haiguswi. Nikamweleza habari ya sare na ya muuguzi mkuu, akaniuliza kwani bibi zetu hawakushona kwa mkono. Nikapandisha sauti. Naye akapandisha ya kwake, watoto wakaacha kula wakawa wanatazama sahani. Jua lilikuwa limeshazama na fundi hakai sana baada ya giza kuingia. Nikaona kabisa kazi yangu inakwenda.

Mara mita ikalia, halafu taa zote zikazima.

Akatoka nje kuchungulia. Kwa majirani kulikuwa kunawaka. Akarudi akipapasa ukuta.

"Mbona umekatika kwetu tu?"

"Haujakatika. Umekwisha."

"Unakwishaje?"

Nilisimama gizani nikamshangaa mume wangu. Mtu anayejua stoo nzima kwa kichwa hakuwa amenunua umeme hata siku moja. Alidhani ile pesa ya matumizi anayoniachia inafika mpaka kwenye mita, wakati haifiki hata kwenye mafuta ya kupikia. Umeme niliununua mimi, kwa simu, kwa pesa za sare, nikabonyeza tarakimu yeye akiwa kazini. Akirudi anakuta taa zinawaka, ana cha kuzima.

Sikumweleza, nilikuwa nimechoka kumweleza. Kitindamimba akaanza kulia, na dada yake akasema ana mtihani kesho na hajasoma.

"Si ununue?" akasema bwana.

"Kwa pesa ipi?"

Akaingia chumbani. Nikasikia kabati linafunguliwa, vitu vinaanguka. Akatoka na bahasha, anamulika kwa simu.

"Nitoe ngapi?"

"Zote."

"Zote? Umeme ni ghali hivyo?"

"Si umesema mwenyewe unatumaliza?"

Aliishika ile bahasha, anataka kubisha, na hakujua abishe kwa bei gani. Akanipa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi. Nilimkuta anafunga kufuli ya mlango, akaifungua tena, akapokea pesa yake, akanisaidia hata kusukuma cherehani kwa mkokoteni hadi kwetu. Tulipoingiza cherehani, bwana aliimulika kutoka juu hadi miguu ya meza, kisha akanimulika mimi usoni.

"Na umeme?"

"Umeme nilikuwa naununua mimi, kwa pesa za cherehani hiyo uliyoimulika. Tangu tuhamie hapa. Leo utanunua wewe."

Alikaa kitini na simu yake, anaibonyeza, anaifuta, anabonyeza tena, mwisho akamwuliza binti yetu kwa sauti ya chini namba ya mita inaonekana wapi. Sikumwonea huruma hata chembe. Nilishusha kitambaa cha wauguzi, nikachomeka waya ukutani, nikakaa, nikaweka mguu kwenye kanyagio, nikamsubiri.