Asubuhi Mbili za Nyumba Moja

Saa kumi na mbili kamili asubuhi dada mkubwa alivaa koti jeupe, akaingia chumba cha kwanza na kuwafyonza kwa mrija nzi wa matunda waliokwisha kutoka kwenye vifuko ambamo buu hugeuka nzi. Hao ndio walioruhusiwa kuzaa. Waliochelewa aliwamwagia maji ya sabuni. Mdogo wake alilea nzi wa chumba cha pili, na huko mambo yalikuwa kinyume: waliowahi walikufa, waliotoka saa nne wakarithi chupa. Wakaendelea hivyo miaka kumi na miwili, vizazi mia tatu vya nzi, na maji hufuata mkondo. Nzi wa chumba cha kwanza waliamka kabla ya taa kuwashwa. Wa chumba cha pili hata ungewapigia ngoma, kabla ya saa nne hawatoki ng'o.

Mtafiti mwenye nzi hao, ambaye wafanyakazi walimwita Mzee wa Chupa, alikuwa na sharti moja tu: mlezi hahami chumba. Mkono mgeni, alisema, huharibu kazi.

Mwaka wa kumi jua lilianza kumchelewea mdogo mtu. Wenzake wote wakishaanika nguo, upande wake wa nyumba bado giza. Baadaye hata mambo yenyewe yakawa yanamfikia masaa manne nyuma. Kikombe kilichovunjika alfajiri yeye alikinywea chai yake vizuri tu, mpaka wakati wake ufike. Jirani yao fundi cherehani aliliona hilo, akasema kila mtu na asubuhi yake, akaendelea kupinda suruali.

Shida ilikuwa mama yao. Alikuwa mgonjwa wa kitandani, na hakutaka dawa wala mganga. "Nataka niwaone wote wawili kwa pamoja," alisema. "Mmoja akija, mwingine simwoni. Nimezaa wawili, jamani, sikuzaa zamu."

Dada mkubwa akaenda kuomba wafanye kazi chumba kimoja, mwezi mmoja tu, labda saa zao zingekutana. Mzee wa Chupa alimvutia kiti.

"Mama ana umri gani?"

"Themanini."

"Mimi nina vizazi mia tatu, mwanangu. Siwezi kuvunja mia tatu kwa ajili ya mmoja."

Alisema kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomshtua dada mkubwa. Miaka kumi na miwili alimdhania mtu mwema.

Jumanne, saa mbili asubuhi, mama alifia mkononi mwa dada mkubwa. Alilia mpaka sauti ikamkatika. Majirani wakaja, mwili ukachukuliwa, kitanda kikabaki na godoro tupu.

Saa nne mdogo mtu aliamka, akapika uji, akaketi kando ya godoro lile. Dada yake akasimama mlangoni akimtazama. Kijiko kilikwenda kimejaa, kikarudi kitupu.

"Leo mama kachangamka," mdogo alisema bila kugeuka. "Anakuulizia."

Dada mkubwa akasogea hatua moja. "Mwambie niko hapa."

Mdogo aliinama kusikiliza. "Anasema hakuoni. Anasikia mtu analia, anauliza ni nani."

Angemwambia? Angemwambiaje mtu mwenye bakuli mkononi? "Mlishe polepole," alisema, "usimkimbize." Akavuta kigoda akakaa upande wa pili wa godoro, akahesabu dakika peke yake.

Saa sita kijiko kilikwenda kimejaa na kikarudi kimejaa. Mdogo akajaribu mara ya pili, uji ukamwagika godoroni. Ndipo akapiga ukunga, na dada yake, aliyedhani machozi yameisha, akamkumbatia wakalia upya.

Saa tisa alasiri Mzee wa Chupa alikuja kutoa pole. Alivua viatu, akaketi mkekani na wengine, akamuuliza dada mkubwa, kisha mdogo wake, mama alifariki saa ngapi, akaandika kwenye daftari lake.

"Poleni sana. Masaa manne kamili. Tofauti haijawahi kutoka safi namna hii."

Macho yake yakaenda kwa binti wa mdogo mtu, mwenye miaka sita, aliyekuwa anakula embe kona ya chumba kwa utulivu, hajui bado kama bibi yake amekufa.

"Huyu wako huamka saa ngapi?"

Miaka kumi na miwili mdogo mtu alikuwa akiulizwa swali hilo hilo kuhusu nzi wake kila siku kazini, na akajibu kwa mazoea kabla akili haijamfika.

"Saa nane mchana."

"Chumba cha tatu kiko wazi," alisema Mzee wa Chupa, akaandika, akaomba maji ya kunywa.