Mreno wa Koki ya Bi Zaina

Alhamisi asubuhi Adila alikuwa amechuchumaa uani kwa Bi Zaina, mtaa wa Dunda, akizungusha tepe nyeupe kwenye shingo ya koki, Mreno akatoka bombani. Zilitangulia ndevu, ikafuata kofia, kisha mwenyewe akasimama akijikamua shati. Bi Zaina akamsogezea kigoda. Mgeni ni mgeni.

“Shikamoo, babu,” alisema Adila.

“Marahaba. Nimelifuata neno langu. Bomba. Mliliazima kwetu, mpaka leo hamjalirudisha.”

Kiswahili chake kilikuwa safi. Miaka yote hiyo ndani ya mabomba ya watu, kasikia mengi.

“Nguo ya kuazima haisitiri matako,” alisema Bi Zaina. “Mpe.”

Adila hakuona taabu kulitoa. Marehemu babake, Hamidu, alimfunza kazi tangu yu mdogo, lakini Dunda nzima hakuna aliyemwita fundi bomba. Bomba likipasuka husema, “Kamwiteni binti Hamidu alishikilie mpaka fundi Salumu aje.” Adila hushika, hukata, huunga, maji yakatulia. Salumu akifika, anashukuriwa yeye. Ilimuuma, tena sana.

“Lichukue,” alisema. “Mimi sijapata kuitwa kwalo.”

“Na fundi?” aliuliza Mreno.

“Hilo hutoki nalo,” alisema Bi Zaina, ambaye ni kungwi na wari wake wamejaa mji. “Hilo la kwetu, limetoka kwenye kufunda. Mimi nafunda wanangu, huyu kafundwa na babake. Lenyewe litabaki.”

Mreno akalitia neno lake ndani ya kofia, akaaga vizuri. Adila akailegeza koki ili apite.

Toka hapo Dunda hakuna anayeweza kulitamka. Wanasema lile la maji, nami kuanzia hapa nasema hivyohivyo. Maji yenyewe hayakujali, yaliendelea kuja yanapotaka.

Ijumaa, lile la maji likapasuka msikitini, pa kutawadhia, watu wamekunja suruali wanangoja. Muadhini Shuaibu akatoka barabarani akaita, “Fundi!” Akataka kuongeza la pili, mdomo ukabaki wazi. Adila alikuwa anapita na mkoba wake wa spana.

“Labeka,” aliitika.

Akafunga maji, akakata palipooza, akaunga. Watu wakatawadha. Salumu akafika na pikipiki, nguo kavu, Shuaibu akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwombea dua ndefu. Adila akaokota spana zake.

Alirudi kwa Bi Zaina, akamkuta anakuna nazi.

“Wamekushukuru?”

“Kashukuriwa Salumu.”

“Hao ndio wao. Lakini umeitwaje?”

“Fundi.”

“Mbele za watu?”

“Barabarani.”

“Ukaitika?”

“Nikaitika.”

“Basi lishakuwa lako hilo. Nawa mikono, fundi, ule.”