Ekipe ya Baba Chini ya Mabati

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Soko zima la Kikula, hapa Likasi, linanijua: ukibonyezabonyeza makayabu yangu, samaki wa chumvi, halafu uondoke bila kununua, utanisikia mpaka mwisho wa mstari. Lakini siku ile nilipoziba tundu la popo sikuwa na hasira hata kidogo. Nilikuwa na woga, na kwa sababu ya woga sikumuuliza mtu.

Tundu lenyewe liko nyuma ya nyumba, pale ukuta unapokutana na mabati. Upana wake vidole viwili, urefu wake kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja. Baba yetu Germain alilitoboa mwenyewe mwaka alioweka plafo, dari ya mbao, kwa sababu popo walishazoea kulala chini ya mabati na hakutaka kuwafukuza. Mama alipiga kelele siku hiyo! Alisema ameolewa na mtu, hakuolewa na pango. Baba akamjibu bila kushuka kwenye ngazi: "Berthe, hawa si wageni. Hawa njo ekipe ya usiku."

Ndivyo alivyokuwa. Alifanya kazi kiwandani miaka thelathini, wiki moja zamu ya asubuhi, wiki moja mchana, wiki moja usiku, na kwake kila kitu kilichopumua kilikuwa na zamu yake na ekipe yake, kikosi chake cha kazi. Mijusi ya ukutani ilikuwa ekipe ya jikoni, ya mbu na mende. Chura mkubwa aliyeishi chini ya pipa la maji alimwita Kapita, yaani msimamizi wa kazi, maana alikuwa mnene, hatembei sana, na bado kazi inafanyika. Ole wako ummwagie Kapita maji ya sabuni. Dan, mdogo wangu, aliwahi kufanya hivyo, akaenda kumwomba chura msamaha mbele ya jamaa wote. Mimi nilicheka mpaka nikapigwa kofi.

Jioni sireni ya kiwanda ikilia, Baba alikuwa anatoa kiti chake, anakiweka kati ya mahindi na mlango wa jikoni, na Dan anakaa katikati ya magoti yake. Tunanyamaza. Kwanza unasikia kukwaruza juu, kidogo tu. Halafu anatoka mmoja, anaanguka kama jani na kuruka kabla hajafika chini. Halafu wawili. Halafu hujui tena unaangalia wapi. Baba aliwahesabu kwa Kiswahili, akisema Kifaransa ni cha kazini. Dan alijua kuhesabu mpaka sabini kabla hajaingia shule, ila kila siku alikuwa anaruka arobaini na sita. Tulimfundisha, tulimtisha, tulimpa kipande cha muwa, wapi! Arobaini na tano, arobaini na saba.

Akitoka wa mwisho, Baba alipiga makofi mara moja, akasema: "Ekipe yote iko ku kazi. Tuingie, tukule." Ndipo tunaingia. Hakuna aliyegusa bukari, ugali wetu, kabla ya maneno hayo.

Nilikuwa naona ni michezo tu ya mzee, mpaka mwaka ule kiwanda kilipowarudisha watu nyumbani. Baba alirudi na kopo lake la chakula na gants zake za ngozi, zile glavu za kazi, basi. Tulikula kilichokuwa nyuma ya nyumba: mahindi, lengalenga, matembele. Mwaka huohuo viwavi waliingia mahindi ya watu. Si wale viwavi wa porini tunaowakaanga na kula, hapana, hawa ni wezi wa kijani wanaojificha ndani ya moyo wa muhindi. Shamba la jirani yetu Mélanie lilibaki mabua. Letu lilikuwa na matundu kwenye majani, lakini lilibeba. Mélanie alikuja kuuliza tumenunua dawa gani. Baba akamwonyesha mabati. Akasema wale vipepeo wa usiku wanaotaga viwavi, ekipe yake inawakula hukohuko juu kabla hawajatua. Mélanie aliondoka akitikisa kichwa, lakini tangu siku hiyo hakumrushia tena popo wetu jiwe.

Baba amefariki, mwaka umepita. Mimi nilikuwa nimesharudi nyumbani baada ya ndoa yangu kuisha, habari ambayo sitaizungumza hapa. Tukabaki wawili, Mama na mimi. Sireni hailii tena, lakini kila siku saa kumi na mbili Mama alitoa kile kiti, akakaa, akahesabu kwa sauti ya chini. Akimaliza hakuinuka. Alikaa tu gizani, mikono juu ya kitenge, anangoja. Mimi namwita kutoka jikoni: "Mama, bukari inapoa." Naita mara mbili, mara tatu. Anakuja polepole, anakula matonge mawili, anasema ameshiba. Iliniuma sana, na sikujua anangoja nini.

Mwezi wa nane Dan alikuja kutoka Lubumbashi na mke wake Carine. Carine ni mtoto mzuri, lakini alilala usiku mmoja tu, asubuhi alitoka na kitambaa puani. Kusema kweli harufu ilikuwepo. Plafo ya chumba cha Mama ilikuwa na madoa, na Mama alikuwa anakohoa. Dan alinivuta pembeni, mimi dada yake mkubwa anayeniita Yaya.

"Yaya, muntu hawezi kulala chini ya mavi ya popo. Funga ile tundu. Mwezi wa kumi na moja nitakuya. Nikikuta ingali wazi, Mama anaenda na minye Lubumbashi. Mambo imeisha."

"Mama hataki kuenda Lubumbashi."

"Na kifua yake inataka nini?"

Mama alikuwa ameshasema mara mia kwamba hatoki Kikula, kwamba kaburi la mume wake liko hapa na mahindi yake yako hapa. Na mimi, niseme tu, niliogopa kubaki peke yangu katika nyumba ile. Niliahirisha mwezi wa tisa, nikaahirisha mwezi wa kumi. Mvua ikaanza, tukapanda. Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja Dan akapiga simu: anakuja Jumamosi.

Jioni ya Alhamisi ileile Mama alikwenda parokiani, kwenye Legio ya Maria. Nikachukua simenti kidogo kwa Mélanie, nikasimamisha ngazi, nikakaa kwenye kiti cha Baba. Sikuwa mjinga wa kuwafungia ndani, mimi! Nilihesabu vizuri: sabini na mmoja. Nikangoja tena mpaka kimya kabisa. Ndipo nikapanda, nikaziba tundu lote, nikalainisha kwa mwiko. Nilijisifu, wallahi. Nilijiambia watapata paa jingine, Likasi ina mabati mengi.

Mama alirudi giza limeingia, amechelewa kuhesabu. Alikula matonge yake mawili akalala. Sikumwambia neno. Halafu mvua kubwa ikashuka, ikapiga mabati usiku kucha, hata ungepiga ngoma chumbani nisingesikia.

Ilikatika karibu na alfajiri. Nilipofumbua macho nilisikia kitu juu ya kichwa changu, ndani ya plafo. Sauti nyembamba, nyingi, pii, pii, pii, zinazofuatana bila kupumzika. Nikakaa kitandani. Nani analia humo wakati wote wametoka? Nimewahesabu mwenyewe!

Kitanda cha Mama kilikuwa kitupu. Nikatoka mbio peku.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Popo walijaa nyuma ya nyumba, wanazunguka, wanajibandika ukutani pale nilipolainisha simenti, wanateleza, wanaruka, wanarudi tena. Na katikati yao mama yangu, miaka sabini na minane, yuko kwenye kidato cha nne cha ngazi, amelowa, anakwaruza simenti kwa kisu cha mboga.

"Mama! Utaanguka! Shuka!"

Hakugeuka. "Fidélie, weye njo ulifunga?"

"Nilingoja batoke wote, Mama. Nilibahesabu!"

"Bamama njo balitoka. Batoto iko ndani." Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Baba yenu alikuwa anasemaka nini? Mwezi wa sita. Kama unataka kufanya kintu kule juu, ni mwezi wa sita. Mwezi ya mvula banazala, hakuna kugusa. Alisema miaka yote, na weye ulikuwa unasikia na masikio gani?"

Nilikuwa nimesikia. Nilikuwa nimesikia tangu utoto na sikuwahi kutia maanani, kwa sababu ulikuwa wimbo wa mzee. Nilimshusha Mama kwa nguvu, nikachukua nyundo, nikapanda. Niligonga nikilia, siogopi kusema. Simenti ilikuwa bado laini kwa mvua ile, ikaanguka vipande vipande ndani ya beseni la vyombo. Popo waliniparamia usoni, mmoja alipita chini ya sikio langu, na mimi ambaye maisha yangu yote nimewachukia sikusogea. Kipande cha mwisho kilipotoka kilikuja na kitoto kimoja, kikaanguka juu ya bega langu. Hakikuwa na manyoya. Hakikuzidi kidole gumba changu, na kilikuwa kinatafuta ziwa kwenye blauzi yangu.

"Usimushike na mukono mutupu," Mama akasema kutoka chini. Alikwenda jikoni, akarudi na gants za Baba ambazo bado zinaning'inia kwenye msumari. Nikavaa. Zilikuwa kubwa sana. Nikakiweka kitoto mdomoni mwa tundu, na mama mmoja, sijui kama ndiye wake, akatua, akatambaa, wakaingia pamoja. Baada ya robo saa plafo ilikuwa kimya.

"Mama, Dan anakuya kesho," nikasema.

"Ninajua. Ulizani sijui sababu gani ulifunga?" Alifuta kisu kwenye kitenge. "Sitabakia hapa kama ni lazima batoto ya wengine bakufe na njaa. Nitafunga sanduku yangu."

Akalifunga kweli. Jumamosi saa kumi na moja na nusu Dan alipoegesha gari, sanduku la bati lilikuwa mlangoni limefungwa kwa kamba, na Mama amevaa kitenge cha kanisa. Dan aliangalia juu, akaona tundu, akaona na weupe wa simenti pembeni yake.

"Yaya, nilikuambia nini?"

Hapo hasira zangu zikarudi, asante Mungu. "Uliniambia harufu! Na harufu ilianza lini, Dan? Baba alikuwa anapanda kila mwaka mwezi wa sita na fagio, anashusha mavi yote, anaweka kwenye mahindi. Nyumba ilikuwa inanuka wakati ule? Ulikohoa wewe? Miaka mitatu aliumwa, hakuna aliyepanda. Minye nilikuwa sokoni na weye ulikuwa Lubumbashi. Popo wanafanya kazi yao. Sisi njo tuliacha yetu!"

Dan akaangalia saa. "Tuende, Mama. Barabara na giza si mazuri."

"Ngoja ekipe itoke," Mama akasema. "Halafu tutaenda."

Alitoa kiti akakaa. Dan alisimama nyuma yake, funguo za gari mkononi. Kukakwaruza juu. Akatoka mmoja, halafu wawili, na Mama akaanza kuhesabu kwa sauti yake ya chini. Alipofika thelathini na mbili akasita. Akakunja macho, akainua kidole, akakishusha. Ndipo nilipojua kwamba macho yake hayawaoni vizuri tena, labda tangu zamani.

"Thelathini na tatu," Dan akasema.

Sikugeuka. Niliogopa nikimwangalia ataacha.

"Thelathini na nne. Thelathini na tano, na sita, hao wawili." Alikuwa amesogea mbele. Alikuwa amechuchumaa karibu na goti la Mama, mwanamume wa miaka arobaini na tatu na suruali ya kupigwa pasi. "Arobaini na nne. Arobaini na tano. Arobaini na saba..."

"Na arobaini na sita iko wapi?" Mama akauliza.

Dan akarudi nyuma, akaitaja. Mama akaanza kucheka. Sikuwa nimeusikia mcheko ule mwaka mzima, nikacheka na mimi, na Dan akaendelea kuhesabu, sitini, sitini na nane, sabini, sabini na mmoja. Kimya. Tukangoja. Hakutoka mwingine.

Dan akapiga makofi mara moja. Nadhani hata hakujua anafanya hivyo.

"Ekipe yote iko ku kazi," akasema. "Tuingie, tukule."

Mama aliinuka palepale. Hakushika ukuta, hakunishika mimi. Alipita kando ya sanduku lake, akaingia ndani.

Tulibaki wawili gizani, Dan na mimi. Juu, watoto walikuwa wanalia kidogo, wanangoja mama zao. Chini ya pipa Kapita, au mjukuu wake, alikoroma mara moja.

"Yaya," Dan akasema akijifuta uso kwa kiganja, "zile gants za Baba ziko wapi?"

"Kwenye musumari yake."

"Ziache pale. Mwezi wa sita nitakuya."

Akalichukua sanduku kwa kamba zake, na kabla hajalifikisha chumbani kwa Mama tulisikia vyombo vinagongana mezani na sauti ya Mama.

"Munangoja nini huko inje?" alituita. "Bukari inapoa."