Chini ya Kuba, Mtu Akaitika

Jumatano asubuhi wazee tunaingia bure katika ukumbi wa kuba, kwenye jumba la sayansi pale Newtown. Wenzangu huenda kumtazama nyangumi wa filamu anayeogelea juu ya vichwa vyao. Mimi huenda kuongea na mume wangu.

Msinicheke. Sipho amekufa, najua, nilimzika mwenyewe. Lakini tangu tulipokutana Morogoro, yeye mkimbizi wa siasa na mimi muuza maandazi, hadi aliponileta kwao Johannesburg, ndani ya nyumba tuliongea Kiswahili. Sasa nakaa Randburg kwa mwanangu. Wajukuu wananielewa nusu, wananijibu kwa Kiingereza. Siku Nomsa, mke wa mwanangu, aliponikuta jikoni namweleza Sipho habari za goti langu, alitaka kunipeleka kwa daktari wa akili. Basi nikahamishia maongezi yetu gizani.

Sipho alikuwa mtu wa kununa. Akikasirika ananyamaza hata juma zima, halafu ghafla, "Rozi, chai iko wapi?" utadhani hapakuwa na kitu. Kwa hiyo ukimya wake haukunitisha. Kila Jumatano nilikaa kiti kilekile cha pembeni, nikangoja filamu ifike kilindini ambako muziki huzimwa, nikanong'ona mambo yangu: goti, majirani, Nomsa na mkono wake mzito wa chumvi. Mwisho niliuliza, "Sipho, unanisikia?" Nilichotaka ni kujibiwa tu, hata kwa hasira.

Jumatano moja nilizidiwa. Wajukuu walikuwa wameicheka lafudhi yangu mezani, na machozi yalinitoka kabla nyangumi hajafika. Nikauliza mara moja. Nikauliza tena, na tena.

"Minakusikia, mama."

Sauti ilikuja sikioni kabisa, kama ya mtu aliyelala ubavuni.

"Sipho!" nikapiga kelele, watu wakanigeukia. Sijapata furaha kama ile tangu nihamie nchi hii. Kisha nikayarudia maneno kichwani. Sipho hakuniita mama hata siku moja, na "minakusikia" si Kiswahili cha Morogoro.

Taa zilipowaka nilimwona ng'ambo ya ukumbi, mlinzi wa mlango wa pili, kofia mkononi, ameinamisha kichwa. Nikamwendea na goti langu bovu na hasira zangu zote.

"Ni wewe?"

"Ni miye, mama. Firmin, mutu wa Uvira, kule Congo. Pardon. Hii nyumba ya mviringo inabeba maneno. Ukisema kule kwa kiti yako, yote inanifikia huku kwa mlango."

"Tangu lini?"

"Tangu ile habari ya chumvi."

Lo! Chumvi niliisema siku ya kwanza kabisa. Nikamwambia macho hayana pazia, sawa, lakini masikio yawe na adabu.

"Ni kweli, mama. Lakini leo uliita mara tatu, na ulikuwa unalia. Nisikie vile na ninyamaze?" Akaikunjakunja kofia yake. "Miye hapa hata mutu wa kuniita hakuna."

Niliondoka bila kuaga. Juma zima nilimkasirikia, wala sikujua kwa nini hasira haipoi. Nilikuja kujua Jumatano iliyofuata, muziki ulipozimwa. Nilifungua mdomo kumwita Sipho, jina likagoma kutoka. Maadamu hakuna aliyeitika, Sipho aliweza kuwa amenuna tu. Sasa nilikuwa nimeitikiwa, na aliyeitika si yeye.

Nilijua kule mlangoni kuna mtu anangoja, naye anaogopa hata kukohoa.

"Firmin," nikanong'ona, "umekula?"

"Bado, mama."

"Nina maandazi. Taa zikiwaka, njoo."

Nyangumi akapita juu yetu, nami nikamlilia mume wangu kama mtu aliyefiwa asubuhi ile.